Je, wajua kwa nini, kwenye kompyuta ya Linux, diski iliyoitwa sda jana inaweza kuitwa sdb leo?

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, haiipi diski jina kwa kuangalia ni diski gani. Inafuata zamu: itakayoonekana kwanza mashine ikiwaka ni sda, inayofuata ni sdb, kama namba za foleni hospitalini. Na kwa kuwa diski huweza kukaguliwa kwa pamoja, kuwasha upya tu kunaweza kubadili zamu, sembuse kuchomeka diski mpya.

Kwenye laptopu ya nyumbani huo ni usumbufu. Kwenye seva inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja halisi, ni balaa. Ukiandika kwenye mipangilio kwamba mashine pepe ya hifadhidata ikabidhiwe /dev/sdb, siku majina yakipishana itapewa diski isiyo yake, na itaandika juu ya data za wengine bila kuuliza.

Kwa diski, mimi huchagua jina lililo kwenye folda ya Linux iitwayo /dev/disk/by-id. Jina hilo kwa kawaida hutokana na modeli na siriali namba ya kiwandani, hivyo hata ukihamishia diski kwenye waya mwingine, halibadiliki.

Wengi hukimbilia UUID, ile namba ya utambulisho ya biti 128. Ni nzuri, ila UUID ya mfumo wa faili (utaratibu wa kupanga faili kwenye diski) imeandikwa ndani ya data, haiko kwenye chuma. Ukinakili diski ya mashine pepe ili upate ya pili, UUID nayo inanakiliwa. XFS, mmoja wa mifumo hiyo ya faili, kwa mfano, hugoma kufungua diski mbili zenye UUID moja kwa wakati mmoja, na inafanya vyema kugoma.

USB ina mambo yake. Namba ya kifaa unayoiona kwenye lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, hubadilika kila ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo iache kabisa. Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, inakupa njia mbili za kuikabidhi mashine pepe kifaa cha USB: namba ya mtengenezaji pamoja na ya bidhaa, au tundu lenyewe. Kama una modemu mbili za aina moja, namba zao zinafanana, basi chagua tundu, kisha bandika karatasi pale ili mtu asihamishe.

Ndani ya mashine pepe tatizo linarudi. Ukiipa diski jina vda kwenye libvirt, programu nyingine ya kusimamia mashine pepe, hilo ni pendekezo tu. Mfumo wa ndani unaweza kuiita vingine. Ipe diski ya virtio (aina ya diski pepe) siriali yako mwenyewe, isizidi herufi 20, mfano "hifadhidata-01". Itaonekana ndani, kwenye by-id, kama virtio-hifadhidata-01.