Je, wajua kwa nini Bögü, mtawala wa Wauyghur, watu wa jamii ya Kituruki wa Asia ya Kati, aliuawa na waziri wake mwenyewe?

Bögü alianza kuwatawala Wauyghur mwaka 759, akiwa na makao yake Ordu-Baliq, katika bonde la mto Orkhon nchini Mongolia ya leo. Mwaka 762 wapanda farasi wake waliusaidia ukoo wa Tang, uliotawala China, kuukomboa mji wa Luoyang kutoka kwa waasi, kisha wakaupora mji huohuo waliokuja kuuokoa. Katika vita hivyo mwana wa mfalme wa China, Li Kuo, alikataa kucheza ngoma ya heshima mbele ya Bögü; wasaidizi wake wakachapwa viboko mia mia, na wawili kati yao wakafa.

Huko Luoyang Bögü alikutana na makasisi wa dini ya Mani, iliyoanzishwa Uajemi na nabii Mani na kufundisha vita kati ya nuru na giza, akaifuata na kuifanya dini ya dola yake. Pamoja nayo waliingia ikulu wafanyabiashara wa Kisogdia, watu wa eneo la Samarkand katika Asia ya Kati, wengi wao wakiwa waumini wa dini hiyo, nao wakawa washauri wake wa karibu, jambo lililowakera baadhi ya wakuu wa Kiuyghur.

Kaizari wa China, Daizong, alipofariki mwaka 779, Wasogdia walimshawishi Bögü aivamie China ingali katika msiba. Waziri mkuu, Tun Baga Tarkhan, aliyekuwa pia ndugu yake, alipinga. Alimkumbusha kwamba hata waliposhinda huko Taiyuan na kuteka makumi ya maelfu ya kondoo na farasi, mifugo hiyo ilifia njiani. Je, wakishindwa, watarudi vipi? Bögü hakusikia, naye Tun Baga akamuua pamoja na watu wapatao 2,000, Wasogdia wakiwemo, kisha akatwaa kiti.

Wengi huilaumu dini kwa anguko hilo. Kwa maoni yangu, hariri ilikuwa na uzito zaidi: Wachina walikuwa wakilipa hadi majora 40 ya hariri kwa farasi mmoja wa Wauyghur, tena mara nyingi farasi dhaifu, na vita vingeukatisha mlango huo wa riziki.

Kaizari mpya, Dezong, hakuwa mwingine ila yule Li Kuo, na kinyongo chake dhidi ya Wauyghur kilidumu kwa miaka. Hata hivyo, mwaka 788 alimwoza Tun Baga binti yake, Xian'an.