Mwanamke Aliyepewa Jina la Antea

Katika jumba la makumbusho la Capodimonte, mjini Napoli, imo picha ya mwanamke kijana aliyesimama wima, akitukabili macho kwa macho, ambayo Parmigianino, mchoraji wa Italia, aliichora kwa rangi za mafuta miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1540. Huitwa Antea, na kwa maoni yangu jina hilo ndilo la kutiliwa shaka kuliko chochote kingine pichani. Lilitokana na maandishi ya Giacomo Barri ya mwaka 1671, zaidi ya miaka 130 baada ya kifo cha mchoraji, yaliyodai kwamba mwanamke huyu alikuwa mpenzi wa Parmigianino. Ni kweli kwamba Roma ilikuwa na kahaba mashuhuri aliyeitwa Antea, na kwamba Parmigianino aliishi huko kuanzia 1524 hadi mji ulipotekwa na kuporwa mwaka 1527. Lakini picha yenyewe, kwa mtindo wake, ni ya baada ya kurejea kwao Parma.

Mavazi nayo hayaamui kesi. Gauni la atlasi ya manjano, aproni nyeupe iliyotariziwa, mkufu, pete, glavu, na ngozi ya mnyama wa jamii ya cheche iliyoachwa na kichwa na meno yake: kwa vitu hivyohivyo watafiti wamemfanya bibi harusi, kahaba, mtumishi, hata binti wa ukoo mkubwa.

Mimi huanza na mwili. Bega la kulia, lenye ile ngozi, limepanuliwa kupita kiasi, na mkono unaoshuka kutoka hapo haulingani na kichwa kidogo chenye umbo la yai. Mtu akikitazama kichwa peke yake haoni kasoro. Akirudi nyuma hatua chache ndipo anapogundua kwamba viungo hivi visingeweza kuwa vya mtu mmoja. Huo si uzembe, kwani wachoraji wa manerisimo, mtindo wa karne ya 16 aliouchora Parmigianino, walithamini madaha kuliko vipimo vya maumbile. Tena, uso unaofanana mno na huu unaonekana kwa mmoja wa malaika katika picha ya Bikira Maria mwenye shingo ndefu, aliyoagizwa Parmigianino mwaka 1534, na malaika hakai kuchorwa.

Kwa hiyo naona kwamba mchoraji alikuwa akiunda uzuri alioukusudia, hata kama alianza na mwanamke halisi. Hadi upatikane mkataba au barua ya wakati ule, ningeandika chini yake “Mwanamke kijana” tu.