Kabla ya msumeno, nionyeshe maji yanakwenda wapi

Kifuku, yaani msimu wa mvua, kikiisha, kuanzia mwezi wa tano hivi, simu yangu huanza kuita. Mwenyekiti wa kijiji huku, mfanyabiashara wa mbao kule, mara nyingine ofisa mwenzangu wa wilaya jirani. Habari huwa ni ileile: miti ipo, mnunuzi yupo, kamati imekaa na muhtasari umesainiwa. Mninga umeshahesabiwa hadi wa mwisho. Nikiuliza lori litapita wapi, upande wa pili kunakuwa kimya kidogo, kisha mtu anasema, "Aa, njia ipo Bwana Misitu, ile ya ng'ombe. Tutaipanua kidogo tu."

Hapo tumbo hunisokota, na nina sababu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliidhinisha njia ya namna hiyohiyo katika kijiji kimoja cha Kondoa. Ilishuka kutoka mgongo wa kilima hadi barabara kubwa, imenyooka kama rula, na kwa kuwa ilikuwa fupi tulijipongeza kwa kuokoa mafuta. Miti tuliyokata ilikuwa michache. Mvua za Desemba zikaja. Kufikia Machi mifereji ya tairi ilikuwa inanifika kiunoni, na kiangazi kilichofuata punda walikuwa wanazungushwa mbali kwa sababu hawawezi kuvuka. Ukienda leo utakuta visiki vya mtundu vimechipua zamani, na machipukizi yake yamekuwa nguzo za kujengea. Korongo nalo lipo, na kila kifuku kichwa chake kinapanda mlimani hatua kadhaa.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu uvunaji wa magogo, nusu ya maneno yangu yatakuwa kuhusu barabara. Nchi hii yetu ya kati haina msamaha katika jambo hilo. Dodoma tunapata mvua milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, zote kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na haziji kwa kunyunyiza. Zinakuja kwa kishindo, jioni moja, juu ya ardhi iliyokaa wazi miezi saba, nyasi zimeliwa au zimeungua. Wazee wa Kondoa hawahitaji kuelezwa hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vimechanwachanwa na makorongo, na hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Fikiria maana ya kumwambia mfugaji aondoe ng'ombe wote. Njia za mifugo zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya makorongo yale, nasi tunataka kupitisha lori papo hapo.

Tupige hesabu kidogo. Chukua barabara ya msituni yenye upana wa mita 4 na urefu wa kilomita 1. Ni mita za mraba 4,000 za udongo ulioshindiliwa. Mvua moja ya milimita 20, ambayo huku si ya ajabu, inamwaga juu yake lita 80,000. Hizo ni ndoo 4,000 za lita 20. Msituni penye majani makavu na mizizi, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ilipodondokea. Barabarani haizami, inakimbia. Kama njia imeshuka kilima moja kwa moja bila pa kutokea, karibu ndoo zote zinafika chini kwa wakati mmoja, na njiani zinachota udongo. Sasa weka mchirizi wa kutolea maji kila baada ya mita 50. Umepata milango 20, na kila mlango unatoa ndoo 200 tu kwenye nyasi na vichaka. Nyasi zinaziweza ndoo 200.

Kazi ya kuchora barabara ni hiyo, kuyagawa maji kabla hayajakusanyika. Mwinamo ukizidi, milango inakaribiana. Kwenye mwinamo wa asilimia 10, yaani unapanda mita 1 kila ukienda mita 10, mimi huweka mchirizi kila mita 30 au pungufu, na hapo ndipo mwisho wangu kwa lori lililobeba. Palipo tambarare kabisa napo si salama kama watu wanavyodhani, kwa sababu maji yanatuama, dereva anakwepa dimbwi, na mwisho wa msimu una njia tatu sambamba badala ya moja. Kama huna kipimo cha mwinamo, fremu ya A ileile mnayopimia matuta ya kontua shambani inatosha. Nimechora kilomita nzima kwa miti mitatu, kamba na jiwe.

Mahali pa kupitisha nako kuna mpangilio wake. Nchi yetu ukiitazama kutoka juu inajirudia: mgongo wenye changarawe na mawe, mteremko wa udongo mwekundu wenye kichanga, kisha chini mbuga ya udongo mweusi. Barabara ikae mgongoni kadiri iwezekanavyo. Changarawe inabeba tairi, na maji yana pande mbili za kutawanyikia. Mteremko mwekundu uvukwe kwa mshazari, usishukwe wima. Udongo ule matone ya mvua yakishaupiga hujitengenezea gamba juu na maji yanateleza kama juu ya sahani. Mbuga sasa, kiangazi inakudanganya. Inapasuka nyufa ngumu, lori linapita likivumisha vumbi, na mtu anasema hapa pazuri. Mvua moja na udongo unavimba, gari linazama hadi ekseli. Ivuke mahali ilipo nyembamba zaidi, na usiinue tuta refu la udongo kukatisha mbuga, maana maji ya mbuga hutembea yametandazwa kama shuka. Ukiyazuia kwa tuta na kalvati moja, upande mmoja unatengeneza bwawa, upande wa pili unatengeneza korongo.

Kuna jambo moja wengi huliona dogo nami naliona kubwa: uwanja wa kukusanyia magogo uwe juu au chini? Akili ya kawaida inasema chini, kwa kuwa gogo linashuka lenyewe. Lakini chora ile picha kwenye mchanga kwa kijiti. Ukiburuta magogo kwenda chini, njia zote za kuburutia zinakutana uwanjani, na kila njia ni mfereji, kwa hiyo umejenga mto wenye vijito vyake. Ukiburuta kwenda juu, uwanja ukiwa mgongoni, njia zilezile zinatawanyika kadiri zinavyoshuka, na kila moja inapeleka maji yake peke yake vichakani. Trekta litakula dizeli zaidi. Na liile tu.

Trekta lenyewe lisizurure. Mara chache za kwanza linapopita ndipo udongo unaposhindiliwa zaidi, kwa hiyo kupita mara ishirini njia moja kuna madhara madogo kuliko kupita mara moja moja njia ishirini. Litembee kwenye njia iliyowekwa alama, livute gogo kwa waya wa winchi. Mkata miti naye aangushe mti kwa mshazari kuelekea njia, kama miiba ya samaki kwenye uti wake, ili gogo lisigeuzwe na kufagia miche. Hasa miche ya mninga. Mche wa mninga una tabia ya ajabu: kila kiangazi unakauka juu ya ardhi, kila kifuku unachipua upya, na unafanya hivyo kwa miaka mingi ukijenga mzizi kabla ya kupata nguvu za kuinuka. Unachokiona ni kijiti kinachofika gotini, kumbe chini kina mzizi wa miaka kadhaa. Dereva hakioni kabisa.

Kuhusu miti ya kukata na ya kuacha nitapita haraka, kwa kuwa sehemu hii vijiji vingi vinaijua vizuri: vipimo vya chini vya unene vipo kisheria, miti mama ya mbegu inaachwa, visiki vinakatwa chini ili vichipue, na kila gogo lazima ligongwe nyundo ya alama kabla ya kuondoka. Nitaongeza moja tu, nyuki. Manyoni, Chemba na Kondoa mti wenye mzinga ni mali ya mtu, na asali mara nyingi inarinwa miezi ileile tunayotaka kuingiza msumeno. Pitieni msitu pamoja na wafugaji nyuki kabla ya kuweka alama. Niliwahi kuona mvutano wa wiki tatu kwa sababu ya mti mmoja wa mtundu, na kusema kweli mwenye mzinga ndiye alikuwa na haki.

Mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Watu wananiambia, lakini huu si mto, ni mchanga mtupu. Mto wa mchanga ndio tangi la kijiji. Oktoba ukiwaona akina mama wamechimba mashimo mchangani wakichota kwa kata, maji yale ni ya kifuku kilichopita, yamehifadhiwa chini. Ndiyo maana sivumilii lori kumwaga oili chafu mtoni eti pana kivuli kizuri cha kufanyia sevisi. Pa kuvukia pawe mahali pamoja tu, njia ikate mto kwa pembe mraba, sakafu ya mawe yaliyopangwa usawa wa mchanga ili mafuriko yapite juu yake. Tuta la udongo mtoni litasombwa mvua ya kwanza, na udongo huo utakwenda kufukia mashimo ya watu huko chini. Mto Bubu unapeleka mchanga wa vilima vya Kondoa hadi kwenye bwawa la Bahi. Hautashindwa kubeba tuta lako.

Halafu kuna swali ambalo sisi tunaochora barabara hatupendi kuliuliza: barabara inahitajika kweli? Kwa mavuno ya miti thelathini au arobaini, wapasua mbao wa shimoni bado wana kazi. Mti unaangushwa, shimo linachimbwa ubavuni mwake, unapasuliwa hapohapo, na mbao zinatoka kwa punda hadi lilipo lori. Maranda yanabaki msituni. Ni kazi ya polepole, ni ngumu kwa migongo ya watu, na upotevu wa mbao si mdogo. Lakini njia ya punda inajifuta yenyewe kifuku kimoja au viwili. Katika vijiji vitatu vya mwisho nilivyoshauri, viwili nimewaambia wasilete greda.

Palipojengwa barabara, ifungwe. Hapa ndipo ninapogombana na halmashauri za vijiji, na naielewa hoja yao: mgonjwa anahitaji gari, alizeti inahitaji soko. Nawajibu kwamba mkiitaka ibaki, basi iwe barabara ya kijiji yenye mwenyewe, bajeti na majembe ya kuzibua mitaro, na mfike TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuuliza kama itaingizwa kwenye orodha yao. Isiyo na mwenyewe itapata wenyewe wengine. Bodaboda za mkaa haziulizi muhtasari wa kikao, na msitu uliovunwa miti thelathini kwa kibali unaweza kumalizwa kwa gunia moja moja usiku.

Kufunga si kuweka gogo mlangoni mwa barabara. Tunachimbua udongo ulioshindiliwa, tunatandaza matawi yaliyobaki, na kila baada ya hatua kadhaa tunaweka tuta la mshazari linalotema maji pembeni. Mlangoni tunachimba handaki, na kandokando yake tunapanda mkonge au minyaa, ambayo mbuzi hawaili na pikipiki haiipendi. Kazi hii inafanyika Oktoba, lori la mwisho likishatoka, si Januari, na malipo ya mwisho ya mvunaji yasitolewe kabla haijakaguliwa.

Kisha, mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, watu wawili wa Kamati ya Maliasili watembee njia nzima na jembe begani, mvua ikiendelea kama wanaweza. Penye tuta lililopasuka katikati maji yatakuwa mekundu na yanakimbia. Pazibwe siku hiyohiyo.