Zenoni kwenye pikapu: kabla ya globu, tazama bakuli la taa

Wiki iliyopita aliingia gereji mzee mmoja na Hilux Vigo, nyuma kajaza matenga ya nyanya kutoka Ilula, mkononi kashika boksi la globu za taa za zenoni alilolinunua Kariakoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Nifungie hizi. Nimechoka kupapasa Mikumi usiku."

Sikumlaumu. Barabara ile inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, na nyati akisimama katikati humwoni mpaka umemfikia: yeye mweusi, lami nyeusi, usiku mweusi. Boksi lilikuwa limeandikwa H4 (aina ya kitako cha globu), 55W (wati), 8000K (kipimo cha rangi ya mwanga). Nikamwomba aliweke chini kwanza tunywe chai, maana katika maandishi hayo matatu ni hilo la H4 tu lililolifaa gari lake, na hata hilo lina maneno yake.

Niko Morogoro, karibu na Msamvu, kazi yangu ni umeme wa magari, na swali la zenoni naulizwa kila mara. Wengi huja wameshanunua. Wakati wanasoma boksi wanatafuta mwanga mwingi, na mwanga mwingi wanaupata kweli. Ila hakuna aliyewauliza utakwenda kutua wapi.

Chukua globu ya zamani iliyotoka na gari, uishike kwenye jua (shika kitako, usiguse kioo, mafuta ya vidole huiunguza). Ndani kuna nyuzi mbili: ya dimu, inayomulika karibu, wati 55 na ya fuli, inayomulika mbali, wati 60. Tazama chini ya uzi wa dimu, utaona kikombe kidogo cha bati. Hicho ndicho roho ya taa nzima. Kinazuia mwanga usishukie nusu ya chini ya riflekta, yaani lile bakuli linalong'aa kama kioo, kwa sababu mwanga unaogonga nusu ya chini hurudi ukipanda juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Ukingo mmoja wa kikombe umekatwa mshazari wa digrii 15, na ndiyo maana ukipaki mbele ya ukuta na dimu yako unaona mwanga umenyooka upande wa kulia na umepanda kidogo upande wa kushoto. Waliochora bakuli lile walipiga hesabu kila mkunjo wakijua uzi umekaa wapi, tofauti ya milimita moja ikiwa ni kosa.

Zenoni haina uzi. Ni kichupa chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali, na umeme unaruka kati ya ncha mbili ndani yake. Kuuanzisha mruko huo kunahitaji zaidi ya volti 20,000, kisha balasti, kile kiboksi cha umeme kinachokuja na globu, inaushusha na kuushikilia kwenye volti 85 hivi kwa globu za aina ya D2S. Sekunde za mwanzo taa huwa na ubuluu, kwa kuwa ni gesi peke yake inayowaka. Chumvi zikishapata moto na kuwa mvuke ndipo rangi inatulia na nguvu kamili inakuja. D2S ya wati 35 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 3200. H4 ya halojeni, yaani ile globu ya kawaida yenye uzi, kwenye dimu inatoa kama 1000. Hapo unaona kwa nini watu wanaitamani: wati pungufu, mwanga mara tatu.

Sasa lile umbo. Uzi wa halojeni ni mstari ulionyooka. Mwanga wa zenoni umejipinda juu kidogo kama ndizi, na kingo zake hazikukatika. Ukiuweka ndani ya bakuli lililochorwa kwa ajili ya uzi, bakuli linautawanya ovyo. Globu za zenoni za H4 zina kichupa kimoja kinachosogezwa mbele na nyuma na sumaku ili kubadilisha dimu na fuli, na zina kibati cha kuiga kile kikombe, lakini nimefungua za bei rahisi nikakuta kibati kimepinda toka kiwandani, au kichupa kimesimama pembeni. Mara tatu ya mwanga, halafu hauna mwelekeo. Ndio hao mnaowatukana usiku.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2011 nilimfungia shemeji yangu seti ya 8000K kwenye pikapu ya riflekta, nikiwa na furaha ya fundi aliyepata kitu kipya. Tukatoka kujaribu njia ya Dodoma. Kila lori lililokuja lilitupigia fuli, na mimi nikawa nasema hawa wana wivu. Kufika Dumila tulipaki, nikatembea kama mita mia mbele, nikageuka kutazama gari letu. Sikuweza kuliangalia. Kibaya zaidi, shemeji mwenyewe alilalamika haoni mbali: mbele ya bampa kulikuwa kweupe kama kiwanja cha mpira, na macho yakizoea weupe ule wa karibu, kule mbali panakuwa giza zaidi. Nilizitoa usiku uleule.

Kwa hiyo mteja akija na hamu ya zenoni, kitu cha kwanza ninachochukua ni mita, siyo bisibisi. Nachomoa soketi ya dimu kwa nyuma na kupima huku globu inawaka na injini inanguruma. Kwa yule mzee, betrini kulikuwa na volti 13.9, kwenye globu volti 11.6. Zaidi ya volti mbili zimepotelea njiani, kwenye swichi, waya nyembamba na viungio vilivyoota kutu ya kijani. Halojeni haisamehe hilo: ukiipunguzia umeme asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30. Dawa yake ni waya nene kutoka betrini, fyuzi karibu na betri, rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Ongeza kusugua lenzi zilizopauka kwa msasa wa maji na kuzipaka rangi ya kinga, na globu mpya za halojeni za kampuni inayoeleweka. Wengi wakishafanyiwa hivyo hawarudi tena kuniulizia zenoni. Ila usikubali kuuziwa halojeni za wati 100 kuwa ni njia ya mkato. Nimetoa soketi zilizoyeyuka kama mshumaa.

Bado unataka zenoni? Basi tuongee vizuri.

Wati: chukua 35. Zile 55 zina joto zaidi, zinachosha balasti, na kwenye bakuli la riflekta zinaongeza tatizo lilelile la mwanga usio na mwelekeo. Bakuli za pikapu nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Globu mbovu zisizo na kioo cha nje cha kuzuia miale ya urujuanimno hulibabua bakuli hilo likawa kama sufuria ya kijijini, na hapo unanunua taa nzima.

Rangi: 4300K. Najua, inaonekana ina umanjano, na vijana wanataka buluu. Lakini zenoni zinazotoka na magari kiwandani ziko kwenye 4300K hivi kwa sababu hapo ndipo lumeni ziko nyingi. 6000K ni nyeupe, imepoteza kidogo, sigombani na mtu. Kuanzia 8000K unalipia rangi kwa kutoa mwanga, na usiku wa mvua kwenye lami ya Kitonga utaapa kwamba taa hazijawaka.

Balasti ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Ishike mkononi: nzuri ina uzito, imejazwa gundi ngumu ndani ili maji na mtikisiko visiingie, na haina mlio. Zipo zinazotoa umeme wa AC na zipo za DC; za DC ni rahisi lakini globu zinameta na hazidumu. Kama gari lako lina redio ya mawasiliano, kama yale ya watu wa hifadhi na ya miradi, balasti rahisi itakuletea mkwaruzo hewani usiokwisha. Nilihangaika siku mbili na pikapu ya namna hiyo, nikabadilisha mpaka waya wa antena, kumbe ukizima taa redio inasafika. Ifunge kwa bolti, juu, mbali na rejeta na mbali na tope la tairi. Balasti iliyoning'inizwa kwa kamba za plastiki haimalizi masika. Na taa zikiwa zinawaka usiguse viungio vyake. Zile volti 20,000 si za mchezo.

Kuna jambo moja linalowatesa sana mafundi wenzangu kwenye Toyota, nalo halijaandikwa kwenye boksi. Hilux na Land Cruiser nyingi zinazopita hapa, waya wa pamoja kwenye soketi ya H4 ni chanya, na swichi inakata upande wa hasi. Seti nyingi zinategemea kinyume chake: hasi ya pamoja, swichi inapeleka chanya. Ukichomeka tu, ama haiwaki, ama dimu inawaka na fuli haibadiliki, na fundi anarudisha boksi dukani akisema ni bovu. Pima kwanza kwa mita, kisha uliza dukani waya wenye rilei unaokubali gari linalokata hasi. Waya huo uwe unachukua umeme betrini moja kwa moja, maana wakati wa kuwaka balasti inavuta umeme mwingi kuliko inaposhatulia, na waya za zamani hazikuandaliwa kwa hilo. Na kama una Land Cruiser ya volti 24, seti ya volti 12 utaiua kabla hujafunga boneti.

Hayo yote bado hayajaliponya bakuli. Kinacholiponya ni projekta. Hii ni lenzi nene ya duara yenye bakuli lake dogo nyuma, na katikati kibati kinachokata mwanga wa juu kama pazia. Kikiinuka ni dimu, kikishuka ni fuli, globu ileile moja. BMW walipoleta zenoni kwenye 7 Series mwaka 1991, hawakuchomeka globu mpya kwenye taa ya zamani. Walitengeneza taa kwa ajili yake. Ulaya taa yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2000 inatakiwa ijirekebishe yenyewe mzigo ukibadilika na iwe na maji ya kuoshea lenzi. Marekani, NHTSA, mamlaka yao ya usalama wa barabarani, inasema seti za kugeuza taa ya halojeni kuwa zenoni hazikidhi kiwango chao namba 108.

Kufunga projekta ni kazi ya siku nzima: unatoa taa, unaipasha moto gundi ilainike, unafungua lenzi, unaisimamisha projekta ndani ya bakuli la zamani, unapima, unafunga na gundi mpya. Ukiharakisha gundi, mvua ya kwanza taa inakuwa bwawa la samaki. Gharama yake inazidi ile ya boksi mara kadhaa. Ila ndiyo njia pekee ya zenoni ninayoifunga bila kuona aibu. Ukinunua projekta au taa nzima iliyotumika, ulizia imetoka wapi. Ya Japani inapanda kushoto kama sisi tunavyoendesha. Iliyotoka kwenye magari ya Dubai inapanda kulia, yaani usoni mwa anayekuja.

(LED? Ndiyo, siku hizi zimejaa madukani, na kwenye bakuli la riflekta ile nzuri inaiga uzi wa halojeni vizuri kuliko zenoni. Hiyo tutaiongea siku nyingine, kwani nayo ina takataka zake.)

Halafu kupima, ambako kwenye pikapu ni muhimu kuliko kwenye gari dogo. Paki pikapu mahali pa tambarare, taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, chora mstari wa chaki ukutani kwa urefu huohuo, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa dimu ulalie mstari wa chini. Hapo ni gari tupu. Sasa pakia matenga: nyuma inalala, pua inainuka, na ule ukingo unapanda juu ya mistari yote miwili. Ndiyo maana Hilux nyingi zina kile kitufe cha namba pembeni ya usukani ambacho hakuna anayekigusa. Sifuri ni gari tupu; kadiri unavyopakia unapandisha namba na taa zinashuka. Yule mzee ana Vigo hiyo miaka sita, alidhani ni cha feni.

Tulipima taa zake gari likiwa na nyanya zilezile. Kitufe kilifanya kazi upande wa kulia tu, wa kushoto mota yake imekufa. Nikamtengenezea waya na rilei, nikasugua lenzi, nikaweka halojeni mpya, na boksi la 8000K likarudi Kariakoo na dereva wa basi anayefahamiana naye. Projekta amesema atafikiria baada ya msimu wa nyanya.

Globu zake za zamani, zilizokuwa bado zinawaka, nilizifunga kwenye gazeti nikazitia kwenye droo ya dashibodi pamoja na fyuzi mbili. Ukifunga zenoni fanya hivyohivyo, na usikate soketi ya kiwandani, ili siku balasti ikifa katikati ya Mikumi urudishe halojeni kwa dakika kumi. Fanya hivyo ukiwa umepaki kwenye geti la hifadhi. Usishuke njiani.