Springi ya Corvette si ya lori, jamani

Juzi imetokea tena. Kijana kainama chini ya C5 niliyoipandisha, yaani kizazi cha tano cha Corvette, gari la michezo la Chevrolet, kaona bapa moja la springi limelala kutoka gurudumu hadi gurudumu, akacheka: "Mjomba, kumbe springi za lori!" Nilikuwa na spana mkononi. Niliiweka chini kwanza.

Haya, lori. Kwenye lori mabapa ya chuma hupangwa kufuata urefu wa gari, na yana kazi mbili: kubeba mzigo na kuishika eksili isihame. Eksili yenyewe ni gogo moja. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia linainama nalo. Mnataka Corvette ya namna hiyo? Ipo. Ni C1, ya 1953 hadi 1962. Nyuma ina eksili nzima na mabapa ya kufuata urefu, kama lori kabisa. Zile 300 nyeupe za mwaka wa kwanza, zenye silinda 6 na gia mbili tu, ndizo mnazobandika ukutani. Hizo hamzicheki.

Mwaka 1963, Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, na wenzake walikuja na C2. Difu, ile gia ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ikafungwa kwenye chasisi, kila gurudumu la nyuma likawa na mwendo wake na vyuma vyake vya kulishika. Springi ikalazwa kukingama, kazi yake ikabaki kubeba tu. C3 ya 1968 ilibadili nguo. Chini, kwa sehemu kubwa, ni C2 ile ile. Ndiyo maana hesabu hii ya vizazi hainikai vizuri: watu wanahesabu bodi.

Kuanzia 1981, C3 za giaboksi otomatiki zilifungwa nyuma bapa moja la faibaglasi. Rundo la chuma lilikaribia kilo 20. Hili halifiki kilo 4. C4 ya 1984 ikaliweka na mbele, likishikwa sehemu mbili, na utamu uko hapo. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, bapa hupinda kama upinde wa mshale. Gari likilala kwenye kona, upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka, bapa linajikunja kama herufi S, na kujikunja huko kunapinga ulalaji. Maana yake stabilaiza, kile chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, inaweza kuwa nyembamba. Springi ya lori inakufanyia hivyo?

Nisijifanye malaika. C4 ya 1984 ilikuwa ngumu mno, inakutikisa hadi meno, 1985 wakalegeza. Na mteja akitaka gari gumu kidogo kuliko lilivyo, springi za mviringo ningezibadilisha huku napiga soga. Hapa natafuta bapa zima jingine. Wanaokwenda mbio wengi huling'oa, na sina jibu la kuwanyamazisha.

C8 ya 2020 imehamia springi za mviringo, basi wabishi wanashangilia. Injini imehamia nyuma ya dereva, na pamoja na giaboksi imejaa pale pale bapa lilipokuwa linapita. Mlitaka lipite wapi?

Yote haya nilimweleza yule kijana, nusu saa nzima, nikamchorea na S kwa chaki sakafuni. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaniuliza kama C5 inaweza kubeba mchanga.