Kuongeza nguvu za leza hakuufanyi utando uhisi mwanga zaidi

"Ongeza nguvu kidogo, mwalimu." Karibu kila mwanafunzi anayeniletea utando wa silikoni ananiambia hivyo, eti leza ikipiga kwa nguvu zaidi utando nao utahisi mwanga zaidi. Si kweli, na nimechoka kulirudia.

Chukua silikoni isiyo ya fuwele, yaani ambayo atomi zake hazijajipanga, unene wa nanomita 50 juu ya kioo, uipige kwa leza ya gesi iitwayo eksima, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 308. Kila pigo hudumu makumi ya nanosekunde na kuyeyusha tabaka la juu. Ukipandisha nishati, myeyuko unazama zaidi na punje za fuwele zinakua. Punje kubwa kupita zote hupatikana utando unapokaribia kuyeyuka wote, vikabaki visiwa vichache vigumu huko chini. Hivyo ndivyo mbegu za fuwele. Pandisha tena kidogo tu, visiwa navyo vinayeyuka. Bila mbegu, silikoni hupoa kupita kiwango chake cha kuganda, kisha inaganda ghafla kwa vipunje vidogo mno. Mtafiti James Im na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1993. Mipaka ya punje hunasa elektroni, na vipunje vidogo maana yake ni mipaka tele. Umetumia nishati zaidi, umepata utando mbovu.

Hata ukipata kiwango sahihi cha nishati, usishangilie mkondo wa umeme uliopanda. Umepanda mwangani, na gizani pia! Silikoni nzuri yenye haidrojeni, kabla ya leza, huweza kupitisha umeme juani mara 100,000 kuliko gizani. Ikishageuka fuwele, uwiano huo huporomoka. Kwa transista za skrini ya simu, zinazotaka elektroni ziende mbio, hakuna neno. Kwa kihisi mwanga ni hasara. Nileteeni vipimo vya gizani kwanza, ndipo tuzungumze.

Wanafunzi wana mengine pia. "Kioo kitayeyuka." Hakiyeyuki. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi, ila mwanga wa nanomita 308 humezwa katika takriban nanomita 10 za juu, na pigo huisha kabla joto halijazama mbali.

"Leza yoyote inafaa." Ya nanomita 1,064 hupenya utando huo karibu yote bila kumezwa.

"Tanuri ni kupoteza muda." Haidrojeni isipotolewa kwanza, kwenye nyuzi 450 hivi, pigo la leza litaifumua na utando utabanduka vipandevipande. Ambao haujapita tanurini siupigi.