Ngalawa ya plaiwudi: kazi kubwa iko pembeni

Wengi wanaojiundia ngalawa nyumbani humaliza nguvu zote kwenye mtumbwi, kisha mirengu (miti inayotokeza pembeni) na ndubi (kielea kinachofungwa kwenye ncha za miti hiyo) huvifunga harakaharaka siku ya kushusha majini. Ngalawa ya namna hiyo itaelea, lakini haitakwenda sawa.

Mtumbwi wenyewe si mgumu. Plaiwudi ya baharini ya milimita 6 ina urefu wa milimita 2440. Unga mbili kwa kuchonga mteremko wa 8 kwa 1, yaani urefu mara 8 ya unene, milimita 48, upate kama mita 4.8. Toboa tundu kila sentimita 15, sentimita 1 kutoka ukingoni, ushone kwa waya wa shaba. Usikaze mpaka waya zote ziwe mahali pake, maana ukikaza mapema umbo hupinda na halirudi. Maungio ya ndani jaza epoksi (gundi ya maji mawili yanayochanganywa ikagandа) na unga laini wa mbao, nzito kiasi cha kutodondoka kijitini, kisha lalia utepe wa nyuzi za kioo.

Epoksi ipakwe jioni. Ukipaka asubuhi, jua linapopasha mbao hewa iliyo ndani hutanuka na kutoboa epoksi vipovu vidogo kama vipele. Ikishakauka, pitisha vidole: ukihisi utelezi kama wa nta, osha kwa maji na dodoki kabla ya kupiga msasa, la sivyo rangi itabanduka.

Sasa ndubi. Mita 3 zinatosha, iwe sanduku lililozibwa kote, na tundu moja lenye kizibo. Ukiiacha juani fungua kizibo, kwa sababu hewa ikipata joto husukuma maungio.

Kutoka katikati ya mtumbwi hadi katikati ya ndubi mimi huweka mita 1.2. Ukisogeza karibu, ngalawa hulalia upande. Ukipeleka mbali mno, mirengu hunesa na kila wimbi huinyonga kwenye vifungo. Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ya mtumbwi, upime hadi kwenye ndubi penye kila mrengu. Vipimo viwe sawa. Ndubi iliyopinda hata sentimita 2 huvuta ngalawa upande mmoja, na mpiga kasia atahangaika kuirudisha safari nzima. Pua ya ndubi iinuke kidogo, isizame kwenye wimbi.

Bolti siziafiki hapa. Tundu hudhoofisha mti pale hasa unapobeba mzigo, na maji hupenyea humo yakaozesha. Funga kwa kamba ya poliesta ya milimita 5, maana nailoni ikilowa hulegea. Zungusha mara 8, kisha mara 3 za kukaba mizunguko hiyo, kati ya mrengu na mtumbwi. Baada ya saa moja majini kamba huwa zimekaa, hivyo rudi ufukweni, fungua, kaza upya.